Kigae cha Jana

Ramani za intaneti za miaka ya 1990 zilikuwa na adha: ukitaka kusogea mtaa mmoja tu, seva ilichora picha nzima upya, nawe ukangoja. Februari 2005 Google Maps ikaja na utaratibu mwingine. Ramani ilikatwa vigae vya mraba. Kwenye kiwango cha 0 dunia nzima ni kigae kimoja. Kila ukikuza hatua moja, kigae hugawanyika vinne, na kufikia kiwango cha 18 vimepita bilioni 68. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, nayo ilishika njia hiyo.

Kila kigae kina anwani ya namba tatu: kiwango cha ukuzaji, safu wima, safu mlalo. Tatizo lilizaliwa hapo. Mtaa ukibadilika, picha hubadilika lakini anwani hubaki ileile. Kivinjari kikikuta anwani hiyo kwenye kache, yaani akiba yake ya picha, na muda wa picha hiyo haujaisha, hakiiulizi seva chochote. Kinakupa picha ya zamani.

Dar es Salaam tuliyaona haya waziwazi. Kata ya Tandale ilichorwa kwenye OpenStreetMap mwaka 2011 na wakazi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi. Kisha mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, kwa ajili ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Mimi nilifundisha vijana kuchora. Kijana ameshinda kwenye matope akipima mtaro, jioni anauchora, anahifadhi, anafungua ramani: mtaro haupo.

"Kaka, kazi yangu imepotea?"

Haikupotea. Ilishaingia kwenye hifadhidata. Picha ndiyo iliyochelewa. Wengine walichora mara ya pili, nyumba zikalaliana mbilimbili kwenye kiwanja kimoja, na kuzisafisha kulituchosha kuliko kuzichora.

Kubonyeza Ctrl na F5 kulikilazimisha kivinjari kuchukua vigae upya. Lakini seva nayo ina akiba yake, na foleni ya uchoraji. Wazoefu waliongeza neno "dirty" mwishoni mwa anwani ya kigae, nacho kikapangwa foleni kichorwe tena.

Hata hivyo kache naitetea kwa moyo wote. Darasa zima lilitegemea modemu moja, na bando likiisha, kazi imesimama. Seva za OpenStreetMap nazo zinaendeshwa kwa michango. Ndiyo maana kanuni zao zinazitaka programu zinazotumia vigae hivyo kuvihifadhi, siyo kuviomba upya kila mara. Nilichobadilisha ni mpangilio wa somo. Kijana akishahifadhi, haendi kwenye picha kwanza. Anafungua historia ya mabadiliko, anaukuta mtaro wake una namba, jina alilojisajilia na saa aliyouchora, kisha anaendelea na nyumba inayofuata.