Asili ya Washambuliaji wa Kigali

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Julai, ligi moja ikiwa imekwisha na nyingine haijaanza, huzuka katika vijiwe vya Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali, mjadala ambao wazee waliurithi na vijana wakaupokea bila ya kubadilisha hata neno, nao ni huu: msimu ujao, nani atatufungia mabao? Aghalabu watu hawaulizi habari za golikipa, wala hawaumizi vichwa juu ya mabeki, maana mabeki wapo na wengine wanakuja. Wanachouliza, chai ya maziwa ikipoa mezani, ni kama amekwisha patikana mshambuliaji wa kati, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa rutahizamu, na kama amepatikana, anatoka wapi. Swali hili la pili, ambalo msikilizaji mgeni angelidhani ni udadisi tu, ndilo lenye taarikhi ndefu, kwani ukilifuata nyuma utaona ya kwamba Kigali, tangu ujue kandanda, umekuwa ukimngoja mshambuliaji wake kutoka upande wa barabara.

Wala si ajabu iwe hivyo, kwa sababu mji wenyewe ni wa watu wa barabara. Richard Kandt, yule tabibu wa Kijerumani aliyekuja kutafuta chemchemi za Mto Nile, alipoweka makao yake hapa mwaka 1907, vilima hivi havikuwa na mji wowote. Nyuma yake wakaja askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara, wengi wao wakisema Kiswahili na wakiswali, na mwaka 1913 wakajenga Msikiti wa Al-Fatah, ambao ungalipo. Wabelgiji walipoitwaa nchi wakawatengea Waswahili mtaa wao, mbali na wengine, na kutengwa huko kukazaa jambo ambalo watawala hawakulikusudia, yaani mtaa uliokuwa na ndugu na jamaa wengi zaidi Bujumbura, Bukavu, Kampala na Kigoma kuliko uliokuwa nao katika vilima vya jirani. Mchezaji aliyeshuka Kigali na mfuko wake mmoja, akitoka katika mojawapo ya miji hiyo, alipata mtaani humo chakula cha kuzoea, lugha ya kuzoea, na uwanja wa mpira wa kwenda kwa miguu.

Mpira wenyewe uliingia kwa njia ya shule na misheni, na mashuhuri kupita zote ilikuwa shule ya Astrida, iliyofunguliwa na watawa wa Kibelgiji mwaka 1929 katika mji ambao leo twauita Huye. Nje ya shule watoto walicheza, na vijijini wangali wanacheza, mpira wa majani makavu ya mgomba yaliyokazwa kwa kamba, mpira usiodunda, ambao kwa hiyo humfundisha mtoto kuukokota na kuutuliza miguuni. Na labda hapo ndipo lilipo chimbuko la viungo wetu wengi wenye miguu laini, ambao hugeuka, hupenyeza, hutoa pasi, kisha hutazama huku na huku wamtafute wa kumalizia. Uhuru ulipokuja zikaundwa timu: Mukura huko Butare mwaka 1963, Kiyovu hapa Kigali mwaka 1964, na Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza, mji wa wafalme, mwaka 1968, kabla haijahamia Kigali na kuwa kipenzi cha nusu ya nchi. Shirikisho likasimamishwa mwaka 1972, na mechi ya kwanza ya timu ya taifa ikachezwa Libreville mwaka 1976, ambapo Burundi walitufunga sita kwa mawili. Sita kwa mawili! Kwa jirani ambaye vijana wake walikuwa wakivuka mpaka kuja kututungulia mabao katika ligi yetu, hilo lilikuwa kama kukopeshwa jembe na kisha kushindwa kulima na mwenye jembe.

Mwaka 1994 hauwezi kupitwa katika habari yoyote ya Kigali, hata ya mpira. Wiki chache kabla ya mauaji ya kimbari kuanza, Rayon Sports ilikuwa imewatoa Al-Hilal wa Sudan katika Kombe la Washindi la Afrika, na mji ukashangilia pamoja, Mhutu na Mtutsi. Haukupita muda Uwanja wa Amahoro, ambao jina lake ni amani, ukawa kimbilio la maelfu ya watu chini ya ulinzi dhaifu wa askari wa Umoja wa Mataifa. Waliokuwa wachezaji wakauawa, waliokuwa mashabiki wakauawa, na wengine wakawa wauaji. Baada ya hapo nchi ilianza karibu upya, na mpira ukaanza nao. Familia zilizokaa uhamishoni miaka thelathini na zaidi zikarudi kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire, na watoto wao, ambao walijifunza soka katika viwanja vya Bujumbura na Kampala, wakaja na namna mbalimbali za kucheza na njaa ya kutambuliwa kuwa ni wenyeji. Timu ya jeshi, APR, iliyoundwa mwaka 1993 vita vikiendelea, ikawa kubwa mara moja. Mwaka 1998 Rayon ikavuka bahari hadi Zanzibar na kulitwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, ambalo baadaye liliitwa Kombe la Kagame, kwa kuwashinda Mlandege nyumbani kwao, na mwaka uliofuata timu ya pili ya taifa ikawafunga Kenya hapa Kigali katika fainali ya Chalenji.

Ndipo akatokea Jimmy Gatete. Huyu alizaliwa Bujumbura mwaka 1979, akapita Mukura, Rayon na APR, na hakuwa na umbo la kutisha wala kasi ya kupita kiasi. Alichokuwa nacho ni kule kujua mahali mpira utakapoangukia kabla ya beki kujua, elimu ambayo hakuna mwalimu aliyepata kuifundisha. Mwezi wa Juni mwaka 2003 Rwanda ilikwenda Kampala, katika Uwanja wa Mandela, kucheza na Uganda ambao walihitaji ushindi tu ili wafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi ikavurugika mapema, kwa kuwa wachezaji wa Uganda walishika imani ya kwamba golikipa wa Rwanda ameficha hirizi golini. Wakarushiana ngumi, polisi wakaingia uwanjani, na mchezo ukasimama kwa muda mrefu. Gatete alipasuliwa kichwa. Akafungwa kitambaa, akarudi uwanjani damu ikimchuruzika, na katika hali hiyo akafunga bao pekee la mechi. Mwezi wa Julai wakaja Ghana, Uwanja wa Amahoro ukafurika, na Gatete akafunga tena, bao moja tu, likatosha kuipeleka Rwanda katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, ambayo hata leo ndiyo mara ya pekee. Wako Kigali watu wazima wenye heshima zao ambao hawakumbuki waliolewa au kuoa tarehe gani, ila bao lile la Ghana wanakueleza lilivyoingia.

Huko Tunisia, mwanzoni mwa mwaka 2004, chini ya kocha Ratomir Dujković, timu haikuaibika. Ilifungwa na wenyeji mawili kwa moja, ikatoka sare ya moja kwa moja na Guinea, ikawashinda Kongo bao moja kwa sifuri. Ukitaka kuijua Rwanda ile ilikuwa ya namna gani, tazama majina ya wafungaji wake watatu: João Elias, Karim Kamanzi, Saïd Makasi. Jina la Kireno, majina yenye asili ya Kiarabu, na yote yakiwa chini ya bendera moja. Wala hakuna aliyelalamika wakati ule, kwa sababu mabao yalikuwa yakiingia.

Malalamiko yalikuja baadaye, na kwa haki. Mwaka 2014, katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa, Daddy Birori aliwafunga Libya mabao matatu peke yake hapa Kigali, kisha Rwanda ikawatoa Kongo-Brazzaville kwa penalti. Lakini ikadhihirika kwamba mchezaji huyo huyo alikuwa akijulikana katika klabu yake ya Kinshasa, AS Vita, kwa jina jingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa, na shirikisho la Afrika likaiondoa Rwanda mashindanoni. Aibu ilikuwa kubwa, na kama kawaida ya aibu, ilizaa ukali uliopita kiasi: waliopewa uraia kwa ajili ya mpira wakaachwa wote, wenye makosa na wasio na makosa. Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa ameichezea Rwanda kwa moyo, akakaa miaka bila kuitwa; naye katika miaka hiyo akawa mfungaji wa kuogopwa Nairobi akiwa na Gor Mahia, kisha akahamia Simba ya Dar es Salaam, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo, mabao 23 ule wa 2018/19 na 22 uliofuata. Wasomaji wa pwani hawahitaji kusimuliwa zaidi.

Upande wa pili wa ukali huo ulikuwa mwema kwa nia. APR ilikuwa imekwisha kata shauri, tangu mwaka 2012 hivi, kuchezesha Wanyarwanda peke yao, na matumaini ya wote yalikuwa kwa wale vijana walioshika nafasi ya pili katika mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 hapa Kigali mwaka 2011 na kwenda Kombe la Dunia Mexico. Huko walicheza vizuri na Uingereza, Uruguay na Kanada, wakapata sare moja, wala hawakufunga hata bao moja. Mwaka 2023 APR ikaacha sharti lake, na msimu huo huo waliofungana kileleni mwa orodha ya wafungaji wa ligi walikuwa Wanigeria wawili, Victor Mbaoma wa APR na Ani Elijah wa Bugesera.

Sasa Amahoro umejengwa upya, una viti 45,000 na paa, na ulifunguliwa rasmi tarehe 1 Julai 2024. Uwanja wa Nyamirambo nao umepewa jina la Pelé, mshambuliaji ambaye hatukumzaa sisi pia. Tunaye Innocent Nshuti, aliyefunga dhidi ya Afrika Kusini huko Huye mwezi wa Novemba 2023, na mwaka mmoja baadaye akafunga katika ushindi wa mawili kwa moja juu ya Nigeria nyumbani kwao Uyo, mechi ambayo hata hivyo haikutosha kutufikisha Kombe la Mataifa huko Morocco. Yeye ni mmoja, na nyuma yake foleni ni fupi.

Rai yangu ni kwamba hakuna fedheha katika mshambuliaji kuja kwa barabara. Gatete alikuja kwa barabara, na msikiti wa Al-Fatah ulijengwa na waliokuja kwa barabara. Fedheha ilikuwa katika makaratasi ya uongo. Ila klabu zinazonunua mgeni kila Julai zinamnyima kijana wa miaka 18 dakika za kukosea, na mfungaji hakomai kwa mazoezi, hukomaa kwa mechi alizokosa mabao na bado akapangwa wiki iliyofuata. Basi makocha wa Kigali, msimu huu mpeni kijana mmoja jezi namba tisa tangu Agosti hata Mei, na asipofunga katika mechi tano za kwanza, msimtoe.