Wakali wa Baiskeli Jangwani Dodoma Ambao Hakuna Aliyewaandika

Muulize kijana yeyote wa mjini baiskeli za milimani zilianzia wapi. Atagoogle, atarudi na jibu moja: California. Na hajakosea. Mwaka 1976, huko Kaunti ya Marin, kundi la washkaji lilianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene. Mbio hizo ziliitwa Repack, kwa sababu breki ya nyuma ilichemka mpaka grisi ikaungua, ikabidi ifunguliwe na kupakwa upya. Miaka 20 baadaye, 1996, mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Majina ya wale jamaa yanajulikana mpaka leo.

Sasa njoo Mkonze.

Kata hii iko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ndani ya Ugogo, nchi ya nusu jangwa. Mvua ni msimu mmoja tu, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ikikata, mito inabaki mchanga mtupu, ardhi ina makorongo, na njiani zinakusubiri mbigili na miiba ya migunga.

Sifa ya ukame huu ni ya zamani. Mashariki ya hapo, kati ya Chunyo na Mvumi, misafara ya karne ya 19 ilikatiza Marenga Mkali, pori lisilo na maji. Burton alipita 1857, Stanley 1871, na wote wakaandika vitabu. Lakini waliobeba mizigo walikuwa wapagazi, na wao ndio waliojua siri ya kulivuka: unaondoka alasiri, unalala njiani bila kisima, alfajiri unaendelea. Mwendo huo uliitwa tirikeza. Wengi wa wapagazi hao wamebaki bila majina.

Baiskeli ilipoingia, mambo yakawa yaleyale. Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam: chuma kizito, gia moja. Watu wakapakia magunia ya mkaa, kuni na madumu ya maji ya lita 20, wakaingia njia za mchanga. Fundi akachomelea nondo kwenye keria ili ihimili mzigo. Ndani ya tairi kikawekwa kipande cha tairi kuukuu, mbigili isifike kwenye tyubu. Kwenye mchanga mwendeshaji anakanyaga pedali kwa mwendo uleule, hapindi usukani ghafla, hagusi breki ya mbele. Mchanga ukizidi, anashuka na kusukuma. Hayo ndiyo leo watu wanalipia kufundishwa.

Mwaka 2003 zikaanza mbio za Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town. Waendeshaji kutoka nje wakapita Kondoa, Dodoma na Iringa enzi njia ikiwa vumbi, na picha zao zikazunguka dunia. Mizigo yao ilibebwa na gari. Muuza mkaa wa Ugogo alikuwa na wake kwenye keria, na akifika salama alichopata ni hela ya unga.

Siku hizi mengi yamebadilika. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Bodaboda zimechukua mizigo, na njia za miguu pembezoni mwa mji zinageuka viwanja na nyumba. Si jambo baya. Nani anataka babu yake aendelee kusukuma gunia mchangani? Ila ujuzi ule unaondoka na wenyewe, na wenyewe wanazeeka.

Kwa hiyo ukienda nyumbani na kukuta baiskeli kuukuu imeegemea ukuta, usiipige picha tu na kuondoka. Uliza nani alikuwa anaiendesha, alibeba nini, alipita wapi. Halafu andika jina lake.