Kukosa Mwako: Istilahi ya Injini Inayomisi

Kukosa mwako ni hali ambayo mchanganyiko wa hewa na petroli ulioingia katika silinda hauwaki kwa wakati wake, au unaungua nusunusu tu, hata pistoni ikashuka bila kusukumwa na nguvu ya kutosha. Katika gereji hali hii huitwa kumisi, neno lililotoholewa na kunyambuliwa kwa Kiswahili bila taabu (injini inamisi, ilikuwa ikimisi), wala hakuna sababu ya kulidharau, kwa kuwa fundi na mwenye gari hulielewa kwa pamoja. Katika maandishi ya kitaalamu, hata hivyo, kukosa mwako kunafaa zaidi, na kunafaa kuliko kukosa cheche, kwani cheche ni moja tu ya mahitaji matatu ya mwako. Mengine ni mchanganyiko wenye uwiano sahihi na mgandamizo, yaani kubanwa kwa mchanganyiko huo pistoni inapopanda. Istilahi inayotaja cheche humpeleka msomaji kwenye plagi hata pale ambapo kilichoungua ni valvu.

Umuhimu wa tofauti hiyo huonekana katika pikapu kuukuu ya kabureta, kama Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ambayo silinda zake 4 huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Katika injini ya mapigo manne kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenkshafti, kwa hiyo injini inayozunguka mara 800 kwa dakika hupoteza miwako 400 iwapo silinda moja imelala kabisa. Magari mapya hupima kuyumba kwa mwendo wa krenkshafti kwa kompyuta na kutoa msimbo, mathalani P0301 kwa silinda ya kwanza. Pikapu ya namna hii haina msaada huo.

Fundi, basi, huiacha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpini wa mpira, huku ncha ya kila waya iliyochomolewa ikigusishwa kwenye chuma cha injini ili koili isidhurike. Mngurumo ukidhoofika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mbovu imepatikana. Plagi yake huhamishiwa silinda ya jirani, na kasoro ikihama nayo, shauri limekwisha. Ikibaki palepale, hukaguliwa waya na kifuniko cha distribyuta, ambacho ufa wake mwembamba huweza kupitisha umeme kando, kisha hupimwa mgandamizo. Ukiwa mdogo, hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kipimo kurudiwa: ukipanda, ringi za pistoni zimelika, usipopanda, hushukiwa valvu au gasketi ya silinda hedi, na gasketi hasa iwapo silinda mbili zinazopakana zimedhoofika pamoja.

Kumisi kwa nyakati fulani tu ndiko kunakosumbua zaidi. Kunakotokea gari likipanda mlima na mzigo mara nyingi hutokana na cheche dhaifu, kwa sababu shinikizo likizidi ndani ya silinda huhitajika volti kubwa zaidi kuruka pengo la plagi, ilhali kunakotoweka mwendo wa injini ukiongezwa huashiria hewa inayopenya chini ya kabureta, ambayo huzimua mchanganyiko zaidi injini inapozunguka polepole.