Watu Wazima Juu ya Barafu

Msomaji, mpira wa magongo wa nyasini bila shaka umeuona, na pengine umeucheza. Lakini unaye ndugu yake, achezwaye juu ya barafu, na habari zake zaanzia mbali nasi, mjini Montreal, nchini Kanada.

Jioni ya tarehe 3 Machi 1875, vikosi viwili vya watu tisa tisa viliingia katika jengo la Victoria Skating Rink. Kiongozi wao alikuwa James Creighton, mzaliwa wa Halifax, mahali ambapo mchezo wa namna hiyo ulichezwa kwenye maziwa yaliyoganda. Kwa kuwa ndani mlikuwa na watazamaji, mpira uliachwa, kikatumiwa kibao bapa cha mviringo, kisije kikaruka na kumwumiza mtu. Upande wa Creighton ulishinda mabao 2 kwa 1. Wachezaji hao hawakuwa watoto. Kuteleza walikujua, magongo ya barafuni ndiyo waliyokuwa wakijifunza.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu katika hoteli moja ya Mombasa Road, Nairobi, mdogo sana ukilinganishwa na viwanja vya kimataifa vyenye urefu wa mita 60. Wageni kutoka Marekani Kaskazini waliuanza mchezo, kisha Wakenya wakajiunga, wengi wao wakiwa wamezoea kuteleza barabarani kwa viatu vya magurudumu. Hao ndio waliokuja kuitwa Kenya Ice Lions.

Usidhani magurudumu yalimaliza kazi. Aliyeyazoea huweza kwenda mbio juu ya barafu. Kusimama ndiko kunakomshinda. Hana budi kukunja magoti, kisha kuigeuza miguu ubavu kwa ghafula, makali ya vyuma yaikwangue barafu. Akichelewa, ukuta ndio utakaomsimamisha! Mtoto akianguka hucheka akainuka. Mtu mzima huanguka kutoka juu zaidi, tena kesho yake anangojwa kazini. Kwa hiyo somo la kwanza kwake ni kuanguka bila kuogopa, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote.

Kulikuwa na shida nyingine isiyoponywa kwa mazoezi: hapakuwa na wa kushindana naye. Miaka na miaka walijigawa wenyewe kwa wenyewe, wakafungana mabao, wakarudi nyumbani. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo walipoalikwa Kanada, wakakutana na kikosi kigeni kwa mara ya kwanza. Na upande wao wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mabingwa wa mchezo huo.

Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo wa Barafuni. Kufikia hapo, baadhi ya wale waliojifunza ukubwani walikuwa wamekwisha kuanza kuwafundisha watoto.