Jiwe la Mbozi na Hesabu ya Kitu Kilichorushwa

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Mbeya, akiiacha njia kuu katika nchi ya Mbozi, aweza kufika kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na hapo ataliona jiwe lisilofanana na mawe mengine. Ni chuma. Urefu wake wapata meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani. Mwaka 1930 mpima nchi aitwaye W. H. Nott aliwapasha watu wa mbali habari zake. Watu huliita Kimondo, nao wamesema kweli, maana lilitoka mbinguni.

Sisi tufundishao hesabu, tukifika hapo na wanafunzi, hatukosi kuulizwa: “Mwalimu, lilianguka kwa mbio gani, nalo lilitokea upande gani?” Nasi hatuna budi kujibu kwamba hatuwezi kujua. Jibu hilo huwaudhi, kwa kuwa darasani wamezoea kuona kila swali la kitu kilichorushwa likipata tarakimu yake mwishoni. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi hesabu hii ilivyopatikana duniani, ni nini iwezayo kutuambia, na mahali gani hunyamaza.

Wazee wa elimu ya Ulaya, wakimfuata Aristotle wa Uyunani, walidhani kwamba kitu kilichorushwa huenda kwanza kwa nguvu ya mrushaji, na nguvu hiyo ikiisha ndipo kianguke. Mizinga ilipoenea, wafalme walitaka kujua risasi itaangukia wapi. Mtaliani mmoja, Tartaglia, alitoa kitabu mwaka 1537, akasema kwamba mzinga hupiga mbali kuliko kote ukiinuliwa digrii 45. Alisema vema, walakini sababu yake hasa hakuijua.

Aliyeijua ni Galileo, katika kitabu kilichopigwa chapa Leiden mwaka 1638. Neno lake kubwa ni hili: kitu kilichorushwa kina miendo miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mwendo wa kwenda mbele, usiobadilika. Wa pili ni mwendo wa kupanda na kushuka, ambao uvuto wa dunia huubadili kila nukta. Mmoja haumzuii mwenziwe. Ukiitenga miwili hiyo, ukahesabu kila mmoja peke yake, kisha ukaiunganisha tena, utapata njia yote ya kitu kile, nayo ni mstari wa kupinda uitwao parabola.

Tutoe mfano. Mwanafunzi arushe jiwe kwa mbio ya meta 20 kwa sekunde, pembe ya digrii 30. Mbio yake ya kupanda ni meta 10, na ya kwenda mbele ni meta 17.3. Uvuto wa dunia huipunguza mbio ya kupanda kwa meta 9.8 kila sekunde. Basi jiwe litafika juu kabisa baada ya sekunde 1.02, kimo cha meta 5.1, na litashuka kwa muda ule ule. Jumla ni sekunde 2.04. Zidisha kwa 17.3, utapata kwamba limeanguka meta 35.3 mbele yake. Sasa na alirushe kwa pembe ya digrii 60. Litapanda juu zaidi na kukawia hewani, lakini litaangukia pale pale, meta 35.3. Galileo aliyaonyesha hayo katika kitabu chake: pembe mbili zilizo juu na chini ya digrii 45 kwa kadiri moja hutoa umbali mmoja.

Lakini Galileo mwenyewe alikiri kwamba hewa hukizuia kitu kiendacho, na kwamba kwa risasi za mizinga parabola yake haitakuwa sawasawa. Wengi waliomfuata walilisahau ungamo hilo, wakaishika parabola peke yake. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alipima mbio za risasi kwa kuzipiga katika kipande kizito cha mti kilichotundikwa, akaona jinsi kilivyosukumwa nyuma. Alithibitisha kwamba hewa huipinga risasi kuliko watu walivyodhani. Tutazame kwa hesabu: kombora litokalo mzingani kwa meta 700 kwa sekunde, kwa digrii 45, parabola husema litakwenda kilometa 50. Makombora ya manowari ya inchi 6 katika vita vya 1914 hayakufika hata nusu ya umbali huo. Sehemu kubwa ya umbali uliobaki imeliwa na hewa.

Jambo hili halikubaki vitabuni, wala halikubaki Ulaya. Lilipimwa katika nchi yetu, katika mdomo wa mto Rufiji, nalo liligharimu damu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliiharibu manowari ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ikazama. Kisha Königsberg ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji, mahali ambapo merikebu kubwa hazikuweza kuifuata. Waingereza wakaleta manowari mbili zipitazo katika maji machache, Severn na Mersey. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni, zikapiga kutoka mbali, kama kilometa 10. Wapigaji hawakuiona manowari waliyoipiga, kwa sababu ya miti. Waliokuwa na macho ni watu walio juu, katika eropleni, waliotazama kila kombora likianguka na kupeleka habari kwa simu ya upepo: limepita, limepunguka, kulia, kushoto.

Siku ile ya kwanza hawakufaulu. Manowari zote mbili zilipiga pamoja, na mtazamaji wa juu hakuweza kutambua kombora hili ni la nani. Basi maneno ya kusahihisha yakawa hayana mwenyewe. Mersey ikapigwa, watu wake wakafa, na zote mbili zikarudi nyuma. Mamia ya makombora yalikuwa yametupwa, na Königsberg ilikuwa ingali ikielea.

Tarehe 11 Julai zikarudi, zikiwa zimejifunza. Safari hii zilipiga kwa zamu, moja peke yake kwanza, nayo ilikuwa Severn. Kombora moja likaanguka, likasahihishwa. Jingine likafuata, likasahihishwa. Umbali ukapungua mpaka yakaanza kuipiga Königsberg yenyewe. Waliokuwa katika eropleni walikuwa Cull na Arnold. Chombo chao kilipigwa, mashine ikaharibika, wakaanza kushuka. Na hata wakishuka Arnold aliendelea kupeleka masahihisho. Wakaanguka majini, wakaokolewa na watu wa Mersey. Siku ile ile Königsberg iliwaka moto, na mabaharia wake wenyewe wakamaliza kuivunja. Mizinga yake 10 baadaye ilitolewa majini, ikakokotwa bara kutumika katika vita vya nchi kavu.

Twajifunza nini hapo? Hesabu ndiyo iliyowaambia wapigaji mahali pa kuanzia. Bila yake wangepiga miti siku nzima. Lakini upepo, joto la baruti na uchakavu wa mzinga ni mambo ambayo hakuna jedwali liwezalo kuyajua yote kabla. Hayo yalitaka macho, na macho yenyewe yalifaa pale tu walipobadili jambo moja kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza walikuwa na hesabu na macho, lakini hawakuwa na utaratibu. Siku ya pili walikuwa navyo vyote vitatu.

Vita vile vilifika hata huku kwetu. Mwanzo wa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck, likiwa halina tena mzinga hata mmoja wa Königsberg, lilipita pande hizi za Mbozi likaishambulia Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Tunduma. Tarehe 25 mwezi ule ule liliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Hivyo askari walipita katika nchi hii na silaha zao, na huku kilimani Marengi kilikuwa kimelala kitu kilichorushwa kizito kuliko kombora lo lote la vita vyao.

Sasa turudi kwenye jiwe hilo na swali la wanafunzi. Kila hesabu ya namna hii hutaka mambo matatu: jinsi kitu kilivyoanza, yaani mbio na pembe yake, kilichopita ndani yake, na mahali kilipofikia. Ukipewa mawili ya kwanza, utalipata la tatu. Rufiji walikuwa na la kwanza, na la tatu walilitazama kwa macho, ndipo wakaweza kulisahihisha la kati. Lakini Kimondo kimetupa jambo moja tu, nalo ni mahali kilipo. Hatujapata habari ya mtu aliyekiona kikianguka, wala hakuna masimulizi ya wazee juu ya siku hiyo. Na hata mahali kilipo si ushahidi kamili, maana hapakuonekana shimo kubwa, na yawezekana kwamba kiliviringika, au kwamba mvua za miaka maelfu zimelifuta shimo lenyewe.

Je, tunyamaze kabisa? La. Yapo tuwezayo kusema bila kuongopa. Kitu kitokacho mbali sana nje ya dunia, kwa uvuto wa dunia peke yake, huifikia hewa yetu kwa mbio isiyopungua kilometa 11 kwa sekunde. Huo ni msingi wa hesabu za Newton, aliyetoa kitabu chake mwaka 1687. Tena twajua kwamba hewa ile ile iliyokula masafa ya makombora ililipunguzia jiwe hili mbio zake. Jiwe la Hoba katika Namibia, lenye uzito wa tani kama 60, nalo halina shimo linaloonekana. Na chuma chenyewe chatoa ushuhuda wake. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma kwa tanuru na mivukuto; lakini chuma cha Kimondo kina nikeli ndani yake, sehemu kama 8 katika 100, nayo ni alama ya vimondo vya chuma.

Hayo ndiyo tujuayo. Lakini mbio zake kilipogusa ardhi, pembe yake, na upande kilikotokea, hayo hatukupewa. Mwanafunzi aandikaye, “Haiwezekani kupata jibu, kwa kuwa mbio ya kwanza haikutajwa,” huyo amelijibu swali vema, na mwalimu asimnyime alama zake. Bali yule atungaye tarakimu ili nafasi isikae wazi, huyo amesema uongo, na uongo ulioandikwa kwa tarakimu ni uongo vile vile; tena wadhuru zaidi, kwa kuwa watu huuamini upesi.

Basi, ndugu walimu, mkiwapeleka watoto Marengi, msiogope kuwaambia kwamba hamjui. Waonyesheni kwanza mahali ambapo hesabu husimama, kisha rudini nao darasani, mkarushe jiwe dogo uwanjani, mkapime kwa kamba na saa. Hilo wameliona likiondoka, na wataliona likianguka.