Mwamba Haubadiliki, Mbale Hubadilika: Funzo la Mgodi wa Dhahabu wa Geita

Mtu akisimama Makumira, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Arusha, akaelekeza macho kaskazini, huuona Mlima Meru umesimama juu ya mashamba ya kahawa na migomba. Udongo anaoukanyaga umetokana na majivu na mawe ya volkano yaliyooza. Kwa hesabu ya miamba mlima huo bado ni kijana; mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Utajiri wake ni rutuba na maji, wala mkulima wa Meru hana haja ya kuelezwa habari hiyo.

Katika mijadala ya vijana wetu swali hili huulizwa: mbona Geita kuna dhahabu na huku hakuna? Swali ni zuri, lakini wengi wakishajibiwa kwamba miamba ni tofauti, huona wamemaliza. Sisi tunasema hiyo ni nusu tu ya jibu. Vilima vya Geita havikuhama wala kubadilika tangu mkoloni aingie mpaka leo. Hata hivyo katika muda huo mwamba ule ule umekuwa mali, ukawa jiwe lisilo na faida, kisha ukawa mali tena. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na kada au mwanafunzi anapaswa kujifunza nini.

Miamba ya Geita

Miamba ya Geita ni mikongwe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,600. Ukiulinganisha na umri huo, Mlima Meru ni wa juzi. Zamani hizo volkano zilimwaga lava chini ya maji, na baina ya milipuko chuma na silika vilituama tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo ndizo zilizokuja kuwa mwamba wa chuma wenye mistari, mmoja mweusi, mwingine mwekundu au wa kijivu, ambao mtu huuona mpaka leo katika vilima vya Geita.

Baadaye ardhi ilikunjwa na kupasuka, na miamba ya moto ikapanda kutoka chini. Katika nyufa yalipita maji ya moto yenye dhahabu kidogo sana, iliyochukuliwa kwa kushikana na salfa. Maji hayo yalipokutana na mwamba wa chuma, salfa iliiacha dhahabu ikashikana na chuma, ikawa madini yaitwayo pairiti na pirotaiti. Dhahabu iliyokosa mchukuzi ilibaki pale pale. Hivyo dhahabu haikutapakaa kila mahali. Hupatikana hasa pale ambapo ufa na chuma vilikutana.

Liko jambo jingine ambalo wanasiasa hulisahau. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa vimeigeuza pairiti kuwa kutu, na dhahabu iliyokuwa ndani yake imebaki huru. Mtu mwenye sururu, karai na maji anaweza kuipata. Lakini chini zaidi, ambako hewa haikufika, sehemu kubwa ya dhahabu ni chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, zimefungwa pamoja na pairiti. Kuitoa huko kunahitaji karasha, vinu vya kulisaga jiwe mpaka liwe unga, pampu za maji na dawa ya sianidi. Basi mwamba wenyewe uliweka mpaka. Juu ni mahali pa mkono, na chini ni mahali pa mtaji. Katika nchi iliyotawaliwa, mwenye mkono na mwenye mtaji hawakuwa mtu mmoja.

Bei iliyopangwa ng'ambo

Wajerumani walijua kwamba iko dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 1936. Kwa nini miaka yote hiyo ipite? Jibu halimo katika vilima vya Geita. Limo katika msukosuko wa ubepari wa dunia.

Mwezi Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu. Mwezi Januari 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 kwa aunsi mpaka dola 35. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31 na kidogo. Wakati huo bei za mazao ya wakulima wetu zilikuwa zimeanguka vibaya, na dhahabu peke yake ndiyo iliyopanda. Mitaji ikakimbilia kwenye dhahabu. Lupa ikajaa watafutaji, Musoma ikachimbwa, na Geita ikapata mgodi mkubwa.

Hapa ndipo neno mbale linapotaka kuelezwa sawasawa. Mbale si jiwe lolote lenye madini. Mbale ni jiwe lenye madini ya kutosha kulipa gharama za kulichimba na kulisaga, na faida ikabaki. Kwa hiyo bei ilipopanda, mawe mengi ya Geita yaligeuka kuwa mbale bila hata chembe moja ya dhahabu kuongezeka ndani yake. Tani moja ya mwamba huo ina gramu chache tu za dhahabu. Bei ikipungua kidogo, au gharama ikiongezeka kidogo, tani ile ile inarudi kuwa kifusi.

Na gharama ilikuwa nini? Sehemu yake moja ilikuwa ujira wa Mwafrika. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na mtu aliyekosa fedha aliacha shamba lake akaenda kuwa kibarua mgodini. Ujira wake mdogo ulisaidia kuligeuza jiwe kuwa mbale. Tukisema kwamba dhahabu ya Geita ilitokana na miamba, tuseme pia kwamba ilitokana na jasho lililolipwa kwa bei ya chini.

Mgodi wafungwa, Azimio latangazwa

Kwa muda wa miaka 30 mgodi wa Geita ulitoa karibu aunsi milioni moja, yaani kiasi cha tani 30 za dhahabu, na ukawa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ulifungwa. Je, dhahabu ilikuwa imekwisha? La. Bei ilikuwa bado dola 35, ile ile ya mwaka 1934, hali gharama za kuchimba zilikuwa zimeendelea kupanda. Kwa hesabu ya mwenye mtaji, mbale ilikuwa imekwisha. Mwamba ulikuwa bado umejaa.

Februari 5, 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, na madini yakahesabiwa miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya umma. Azimio lilikuwa sahihi. Lakini lilipotangazwa, Geita ilikuwa kimya. Kisha mwezi Agosti 1971 Marekani ilivunja kifungo cha dola na dhahabu, na bei ikaachiwa huru. Mwezi Januari 1980 ilifika dola 850 kwa aunsi. Katika miaka hiyo ambayo dhahabu ilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia, taifa letu, lililobanwa na bei ya mafuta na vita vya Kagera, halikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu unaofanya kazi. Umma ulikuwa na haki juu ya mwamba, lakini haukuwa na mitambo, wala mafundi wa kutosha, wala ramani kamili ya kilichomo chini.

Hatusemi hayo ili kuwalaumu wazee wetu. Shirika la Madini, STAMICO, liliundwa mwaka 1972, na katika miaka ya 1980 jitihada ilifanywa kufungua mgodi wa Buckreef katika eneo la Geita. Tunayasema ili ukweli ukae mahali pake. Haki ya kumiliki ni hatua ya kwanza, na maarifa ya kile unachokimiliki ni hatua ya pili. Asiye na hatua ya pili hungojea mtu mwingine aje amwambie mali yake ina thamani gani.

Vilima vile vile mara ya pili

Mtu huyo alikuja. Sheria ya Madini ya 1998 ilifungua mlango kwa makampuni makubwa ya nje, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Mwaka 2000 mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji, kwa mashimo makubwa ya wazi, katika vilima vile vile vilivyoachwa mwaka 1966. Mitambo mikubwa na sianidi viliwezesha mawe hafifu kulipa. Kifusi cha jana kikawa mbale ya leo. Ilichukua miaka mingi ya malalamiko ya wananchi mpaka masharti yabadilike. Mrabaha ulipanda hadi asilimia 4 mwaka 2010, na sheria za mwaka 2017 ziliufikisha asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila ya kuzilipia.

Nje ya uzio wako wachimbaji wadogo. Hao huchimba maduara, huponda mawe kwa karasha na hukamata dhahabu kwa zebaki inayodhuru miili yao na maji ya jirani zao. Mchanga wao uliokwisha kuoshwa, yaani marudio, hununuliwa na wenye sianidi, kwa sababu dhahabu iliyofungwa bado imo. Mpaka ule wa mkono na mtaji tuliouona ndani ya mwamba ungali upo. Hautaondolewa kwa hotuba. Utaondolewa kwa mitambo ya pamoja, vipimo vya maabara vilivyo karibu, na elimu ya miamba inayomfikia mchimbaji mwenyewe.

Funzo

Wananchi wa Meru wanaielewa vizuri habari ya kunyang'anywa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Lakini ardhi ile haikupakiwa melini. Ilibaki pale pale, na rutuba yake ikawangojea wenyewe.

Dhahabu haingojei hivyo. Ikishatoka imetoka, na linalobaki ni shimo. Kwa hiyo swali la kada si kama tunayo madini. Aulize nani anajua kilichomo ndani ya mwamba wetu, nani anaamua ni siku gani mwamba huo ni mbale, na mwamba ukishakuwa shimo, watu wa pale watakuwa wamebaki na nini.