Mawimbi ya Sauti na Kizuizi cha Fuvu

Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inarindima, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alikuwa bandarini Toulon akitafuta njia ya kuzigundua nyambizi za Wajerumani. Alipeleka majini mawimbi ya sauti yenye masafa ya juu mno, ambayo sikio la mwanadamu haliyasikii. Samaki waliokaribia mtambo wake walikufa, na mkono uliotiwa majini ulishikwa na maumivu makali. Miaka kumi baadaye, huko Tuxedo Park, New York, Robert Wood na Alfred Loomis walionyesha kwamba mawimbi hayo hupasua hata chembe nyekundu za damu.

Hapo ndipo tiba ilipochipukia. Mawimbi mengi, kila moja likiwa hafifu, yakikutanishwa mahali pamoja, huunguza hapo tu, kama jua linalokusanywa kwa kioo cha kukuzia juu ya karatasi. Mwaka 1942 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliyaelekeza kwenye ubongo wa wanyama. Shida ilikuwa fuvu. Mfupa huyafyonza mawimbi, hupata joto, na kwa kuwa unene wake haulingani kila mahali, huyapotosha yasifike yalikotumwa.

Ndugu wawili wa tumbo moja, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, hawakukata tamaa. Walijenga mtambo wenye vyanzo vinne vya mawimbi, wakajifunza kwa miaka juu ya ubongo wa paka, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 wakashirikiana na daktari mpasuaji Russell Meyers wa Iowa kuwatibu wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka. Lakini ili sauti ipite, ilibidi kwanza kipande cha fuvu kiondolewe. Tiba iliyokusudiwa kumwepusha mgonjwa na kisu ikaanza kwa kisu. Tena picha za eksirei hazikuwaonyesha nyama ya ubongo yenyewe. Huko Sweden, Lars Leksell naye alijaribu sauti, akaiacha na kugeukia mionzi. William Fry alifariki mwaka 1968, wakati dawa ya levodopa ikianza kuwapa wagonjwa wa Parkinson nafuu ambayo upasuaji haukuwahi kuwapa.

Naamini akina Fry hawakupewa heshima wanayostahili. Wazo lao lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jicho la kuona ndani ya kichwa na mashine ya kupiga hesabu haraka. Vyote viwili vilipatikana miaka ya 1990 huko Boston, ambako daktari Ferenc Jolesz na mwanafizikia Kullervo Hynynen waliunganisha mawimbi na MRI. Kipimo hicho huonyesha ubongo na pia hupima joto lake wakati tiba ikiendelea. Mfupa nao ulipatiwa dawa: fuvu la mgonjwa hupigwa picha za CT, kisha kompyuta hupanga muda wa kila chanzo, na katika mtambo wa leo viko 1,024, ili mawimbi yote yafike kwa pamoja. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha mtambo wa namna hiyo kwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, mahali pasipo na fuvu la kuvuka.

Ubongo ulifuata. Mwaka 2011 timu ya Jeff Elias katika Chuo Kikuu cha Virginia ilianza kutibu ule mtetemeko ambao si Parkinson: mkono umetulia, ila ukinyooshwa kushika kikombe, chai yote humwagika. Mgonjwa hunyolewa nywele na kuvishwa kofia yenye maji baridi, akalazwa ndani ya MRI akiwa macho. Kwanza joto hupandishwa kidogo, naye huambiwa achore mduara wa konokono. Mstari usipotetemeka na asipolalamika ganzi, ndipo sehemu ndogo ya thalamasi, ndani ya ubongo, huunguzwa kwa takribani nyuzi 55 hadi 60. Katika utafiti wa watu 76 uliochapishwa mwaka 2016, mtetemeko wa mkono ulipungua kwa karibu nusu kwa waliotibiwa, huku waliopewa tiba ya kuigiza wakibaki vilevile. Mwaka huohuo Marekani ikatoa kibali, na mwaka 2018 kikaongezwa kwa mtetemeko wa Parkinson.

Kilichounguzwa hakirudi. Baadhi hubaki na ganzi au kuyumba wanapotembea, na wapo ambao mfupa wao hauruhusu tiba hii. Parkinson yenyewe huendelea kusonga mbele hata mkono ukitulia.

Kwa hiyo watafiti wa Toronto, Hynynen akiwa miongoni mwao, wanaitumia sauti bila kuunguza. Viputo vidogo mno hutiwa kwenye damu, mawimbi hafifu huvitikisa, na kizuizi kinachozuia dawa nyingi kuingia kwenye ubongo hufunguka kwa muda. Mwaka 2015 walijaribu kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo. Mwaka 2018 wakachapisha matokeo ya wagonjwa watano wa Alzheimer: kizuizi kilifunguka, na katika muda wa siku moja kikajifunga chenyewe.